Hali ya Mto Wiki ya Pasaka

Kila mwaka, Jumapili ya Matawi ikishapita, simu yangu huanza kulia kwa ajili ya samaki. Mimi huwaongoza wavuvi katika mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya upande wa Nyeri, na katika kanisa letu ni mzee wa kanisa. Wanaonipigia ni watu wa Nairobi waliopata likizo ya siku nne, wazazi wanaotaka watoto wao waone mto ulio safi, na mara mojamoja mgeni kutoka Uingereza. Swali lao ni moja: mwisho wa wiki hii mto utakuwaje, na je, tutapata samaki?

Nimejibu swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Limenifundisha jambo fulani kuhusu tumaini, na naliandika hapa kwa sababu najua wako wasomaji wanaouliza swali la namna hiyo hiyo, ila lao halihusu samaki.

Samaki wenyewe ni trauti, na si wenyeji wa mito yetu. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi aliyeitwa Ewart Grogan, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Leo wanapatikana katika mito mingi ya milima yetu, kama Thego, Sagana, Naro Moru na Burguret, na serikali ina kituo cha kuwazalisha karibu na Kiganjo. Trauti anataka maji baridi, kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Joto la maji likizidi nyuzi 20, huanza kutaabika. Ndiyo maana anaishi juu, karibu na msitu na ndani yake, wala humkuti kule chini ambako mto Tana unapita katika nchi ya joto.

Wageni kutoka Ulaya huja na mawazo ya kwao. Kule Scotland msimu wa trauti wa kahawia hufunguliwa tarehe 15 Machi. Baridi inaisha, miti inachipua, wadudu wanaanza kuruka juu ya maji, na Pasaka hufika katikati ya furaha hiyo. Kwetu hakuna majira ya kuchipua. Pasaka hutukuta mlangoni mwa mvua za masika, na mlango wenyewe hausimami mahali pamoja, kwa kuwa tarehe ya Pasaka hufuata mwezi mpevu. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Pasaka ikiangukia Machi, mara nyingi mito yetu ingali chini na maji yake ni kama kioo. Ikiangukia katikati ya Aprili, huenda masika yamekwisha kuingia kwa nguvu zote, na mto una rangi ya chai ya maziwa.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu mtu yeyote nafanya mambo matatu. Kwanza, naamka alfajiri na kutazama kilele. Mlima wetu una desturi yake: asubuhi huwa wazi, kufikia saa nne au saa tano mawingu yanaufunika, na mvua hupenda kunyesha alasiri. Nikikuta umefunikwa tangu alfajiri kwa siku mbili mfululizo, najua huko juu kunanyesha hata kama shambani kwangu ni kukavu. Maji yatakayotufikia kesho yameanza safari yao mahali nisipopaona.

Pili, nashuka mtoni na kuingia mpaka magotini. Nikiona ncha za gambuti zangu, maji ni mazuri. Nikiona nusu tu ya miguu, samaki wapo lakini watakuwa wamejibanza karibu na kingo, na itatubidi kutumia nzi bandia mkubwa mweusi na kumpitisha karibu kabisa na pua zao. Nisipoona chochote chini ya kifundo, hakuna kazi siku hiyo. Trauti huwinda kwa macho. Ukimtupia chambo kizuri namna gani katika maji ya tope, hatakiona.

Tatu, natazama mawe na takataka. Majani na vijiti vikielea kwa wingi katikati ya mkondo, mto unapanda. Mawe yakiwa na mstari wa unyevu juu ya maji, mto unashuka, na mto unaoshuka ni habari njema kwa mvuvi. Vijito vinavyotoka msituni moja kwa moja hupanda upesi na kushuka upesi, na vinaweza kusafika kwa muda wa siku moja. Mto uliopita katikati ya mashamba hubeba udongo wetu mwekundu kwa siku nyingi.

Baada ya hayo nampa mtu jibu lake, na jibu langu huwa na sehemu tatu: ninachokiona, ninachokitarajia, na nisichokijua. Sijawahi kuruka sehemu ya tatu. Mvua ya usiku mmoja ikinyesha juu ya msitu, maneno yangu yote ya mchana hayafai kitu, na anayetoa fedha yake na likizo yake anastahili kulijua hilo kabla hajapanda gari.

Najua jibu hilo linagharimu kiasi gani. Mwisho wa wiki wa Pasaka peke yake unaweza kunipatia sehemu kubwa ya karo ya muhula wa pili. Miaka michache iliyopita Pasaka ilikuwa Aprili, na mfanyabiashara mmoja wa Nairobi alitaka kuleta watu sita kwa siku tatu. Jumatano nilimwambia kwamba Ijumaa mto hautavulika. Kwamba Jumamosi kuna nafasi katika kijito kimoja cha msituni, kama usiku hautakuwa na mvua. Na kwamba habari za Jumapili sizijui. Alinishukuru kwa upole, akaipeleka jamaa yake Naivasha. Mwenzangu katika kazi hii aliposikia alitikisa kichwa. "Mzee," aliniambia, "ungewaambia waje tu. Mto ni wa Mungu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimeyasikia maneno ya namna hiyo mahali pengine.

Dada yangu mkubwa, ambaye alinilea baada ya mama yetu kufariki, alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya umio mwezi wa Januari. Daktari alizungumza nasi kwa upole na kwa uwazi. Alisema tiba ya mionzi ingeweza kuifungua njia ya chakula na kumpunguzia maumivu, lakini kwamba yeye kama daktari hatarajii kupona kabisa. Mwezi wa Februari, mhubiri mgeni katika mkutano mmoja wa maombi alimwekea dada mikono, akatangaza mbele ya watu wote kwamba kufikia Pasaka atakuwa mzima. Watu walipiga makofi na vigelegele. Dada alilia kwa furaha. Baada ya siku chache, akina mama wawili wa kikundi chake walikuja kumshauri aache kwenda hospitalini, kwa kuwa kuendelea na matibabu ni kumwonyesha Mungu kwamba hamwamini. Hawakuwa na nia mbaya. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akimfulia nguo tangu augue. Walimpenda, na walitaka sana lile neno liwe kweli.

Dada hakuacha matibabu, lakini kila safari ya hospitalini aliifanya kama mtu anayeiba. Alitoka nyumbani mapema kabla majirani hawajaamka, na akiulizwa alikokuwa, alisema alikwenda sokoni.

Jumatatu ya juma takatifu nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa karibu na jiko, amejifunika blanketi, na kikombe cha uji kilikuwa mbele yake kimejaa vile vile kilivyomiminwa. Aliniita Guka, kama alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la babu yetu.

"Guka," alisema, "watu wanakupigia simu kutoka Nairobi uwaambie mto utakuwaje, na sijasikia hata mmoja akisema ulimdanganya. Sasa niambie na mimi. Pasaka hii nitapona?"

Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamjibu kwa njia ile ninayoijua. Nilimwambia ninachokiona: umepungua, na uji unapita kwa shida kuliko mwezi uliopita. Nilimwambia ninachokitarajia: vipindi vya mionzi vilivyobaki vitakusaidia kumeza, kama daktari alivyosema, nami namwamini. Nikamwambia nisichokijua: siku zako. Hizo zi mikononi mwa Bwana, na sitakuambia jambo ambalo yeye hakuniambia. "Lakini liko jambo moja ninalolijua hata bila kwenda kutazama mto," nilisema. "Bwana hatakuacha. Na mimi sitakuacha."

Nilidhani atalia. Alivuta pumzi ndefu, akaegemea ukuta, akasema, "Asante, Guka. Nilikuwa nimechoka kujifanya mzima."

Ndipo akanieleza. Kila akina mama walipokuja kumwombea alijikaza kukaa wima, akafunga kitambaa kizuri, akasema anaendelea vizuri. Aliogopa kwamba Pasaka ikifika naye bado ni mgonjwa, watu watasema imani yake ilikuwa ndogo. Saratani ilikuwa imempa mzigo mmoja, na lile neno zuri lilikuwa limemwongezea wa pili. Usiku hakuwa akimwomba Mungu amponye tu. Alikuwa pia akimwomba asimwaibishe.

Nilipotoka kwake nilikwenda nyumbani nikasoma tena habari za Yeremia na Hanania, katika sura ya 28 ya kitabu cha Yeremia. Watu wa Yuda walikuwa chini ya Babeli, na Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Lilikuwa neno la kupendeza, lenye tarehe yake. Jambo linalonigusa ni jinsi Yeremia alivyojibu. Kwanza alisema Amina. Alitamani kwa moyo wake wote Bwana atende hivyo. Lakini hakuligeuza tamanio lake kuwa ujumbe wa Mungu, na katika sura inayofuata aliwaandikia mateka barua ya kuwaambia kwamba itakuwa miaka 70. Akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, na wauombee amani mji waliopelekwa. Barua hiyo hiyo ndiyo yenye ahadi ambayo Wakristo wengi tunaipenda, kwamba Mungu ana mawazo ya amani juu ya watu wake, kuwapa tumaini katika siku zao za mwisho. Mara nyingi tunaichukua ahadi hiyo na kuiacha ile miaka 70, nayo iko katika mstari ulio kabla yake.

Ijumaa Kuu mvua ilinyesha mchana, kisha ikakatika jioni. Usiku ulikuwa mkavu. Dada alikuwa amesema anatamani supu ya trauti, ile mama yetu aliyokuwa akiipika kwa vitunguu na viazi mpaka samaki anayeyuka. Kwa kuwa sikuwa na wageni, Jumamosi alfajiri nilichukua fimbo yangu ya kuvulia na leseni yangu, nikaingia msituni pamoja na askari wa msitu, maana kando ya vijito vile kuna tembo na nyati, na mtu haendi peke yake.

Maji yalikuwa na nyuzi 11. Mawe yalikuwa na mstari wa unyevu wa upana wa kiganja. Niliona miguu yangu karibu na magoti, kwa rangi ya chai ya rangi. Kwa kanuni zangu mwenyewe, palikuwa na nafasi, wala si nafasi kubwa. Nilivua kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu trauti hukaa ameelekeza kichwa kule mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe na maji, nawe ukija kwa nyuma hakuoni upesi. Nilirusha mshipi nyuma ya kila jiwe kubwa, mahali ambapo mkondo unapungua nguvu na samaki anaweza kupumzika huku chakula kikipita karibu naye. Saa mbili zikapita, zikawa tatu. Karibu na saa sita, katika kilindi kidogo chini ya mzizi wa mti, samaki mmoja alishika. Alikuwa trauti wa upinde wa mvua, wa urefu wa kama sentimita 30. Nilivua saa moja zaidi, nisipate mwingine.

Jumapili, baada ya ibada, dada alikunywa nusu kikombe cha supu ile iliyochujwa. Hakuwa amepona. Wale akina mama wawili walikuwapo, na palikuwa na ukimya mzito, maana kila mtu alijua ile siku ni siku gani. Dada ndiye aliyeuvunja. Aliwaambia, "Leo Bwana amefufuka, na mimi bado ni mgonjwa, na yote mawili ni kweli. Njooni mle." Yule aliyekuwa akimfulia nguo alimkumbatia akalia sana. Tangu siku hiyo ndiye aliyemsindikiza hospitalini, mchana kweupe.

Mionzi ilimsaidia kama daktari alivyotarajia. Mwezi wa Mei aliweza kula viazi vilivyopondwa pamoja na sisi mezani. Alifariki mwezi wa Agosti, nyumbani, na miezi ile ya mwisho hakulazimika kujificha mbele ya mtu yeyote. Aliomba wazi, alilalamika wazi, aliagana na wajukuu wake mmoja mmoja.

Sitaki nieleweke vibaya. Naamini Mungu huponya. Nimewaombea wagonjwa na nimewaona wengine wakiinuka, nami nitaendelea kuomba hivyo mpaka mwisho, bila kupunguza sauti. Ninachokikataa ni kumwekea Mungu tarehe ambayo hakuisema, kisha kumwachia mgonjwa deni la kuilipa. Mvuvi akisema uongo kuhusu mto, watu wanapoteza mafuta ya gari na siku moja ya likizo. Tukisema uongo kuhusu Mungu kitandani pa mgonjwa, anaweza kufa akidhani kwamba ameachwa.

Nikitafuta mahali ambapo Maandiko yanaweka pamoja Pasaka na samaki, naenda kwenye sura ya 21 ya Injili ya Yohana. Bwana amekwisha kufufuka. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha katika ziwa wanalolijua tangu utoto, na hawakupata kitu. Asubuhi mtu amesimama ufuoni anawauliza kama wana kitoweo. Walikuwa wavuvi wa kazi, na wangeweza kutafuta jibu la kulinda heshima yao. Walisema hapana. Neno hilo moja la kweli lilitangulia wavu kujaa samaki 153. Na walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, samaki juu yake, na mkate. Bwana alikuwa amewaandalia chakula kabla hawajamletea samaki wao.

Kila ninaposoma habari hiyo naona kwamba Yesu hakukasirishwa na ile hapana. Aliwauliza ili waiseme. Nami naona kwamba tumaini lao halikutoka katika dalili za ziwa. Dalili zilikuwa mbaya usiku kucha. Lilitoka kwake yeye aliyesimama ufuoni, naye alikuwa pale hata kabla hawajamtambua.

Hapo ndipo ninapotofautisha kazi yangu ya mtoni na imani yangu. Mtoni natazama dalili, na dalili zikibadilika nabadilisha maneno. Hilo ni jambo jema, nami ninalifanya kwa uaminifu. Lakini kama tumaini langu kwa Mungu lingekuwa la namna hiyo, lingepanda na kushuka pamoja na maji. Ninamtumaini kwa sababu ya vile alivyo na kwa sababu kaburi lilikutwa wazi, na kwa hiyo naweza kusema "sijui" kuhusu kesho bila kutetemeka.

Mpendwa msomaji, pengine Pasaka ijayo utakuwa umeketi karibu na mtu atakayekuuliza kama dada alivyoniuliza. Usikimbilie kumpa tarehe, wala usimkatie tamaa. Mwambie unachokiona, ikiwa anataka kusikia. Mwambie unachokitarajia, na mheshimu daktari wake. Mwambie bila aibu usichokijua. Omba naye apone, ukimaanisha kila neno, na umwambie kwamba Bwana hatamwacha. Kisha kaa. Muulize kama anaweza kunywa supu kidogo, na kama anaweza, nenda ukamtafutie.

Mungu atupe ujasiri wa kusema kweli, na upole wa kuisema vizuri. Amina.